Dola tano za New Glarus: nani alimuuliza Vernon?

Faini ilikuwa dola tano. Mwaka 1969 mahakama ya kaunti ya Green, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, iliwatia hatiani wazazi watatu kwa kutowapeleka watoto wao shule, na kila mmoja akatozwa dola tano. Hata kwa thamani ya wakati ule, ni fedha ambayo mkulima angeitoa mfukoni na kurudi kwa ng'ombe wake. Badala yake kesi ilikatiwa rufaa, ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya nchi, na ikaamuliwa tarehe 15 Mei 1972. Tangu hapo, kila watu wanapobishana kuhusu haki ya mzazi kumlea mtoto ndani ya dini yake, Wisconsin dhidi ya Yoder ndiyo inayotajwa kwanza.

Naichambua kesi hii kwa sababu haina mtu mbaya ndani yake. Mtoto anayenyimwa damu hospitalini, au anayefungiwa chumbani ili atolewe pepo, hatupi kazi kubwa ya kufikiri. Tunajua upande wetu kabla hatujamaliza kusoma. Hapa hakuna aliyepigwa wala aliyelala njaa. Kuna wazazi wapole, wachapakazi, wanaowapenda watoto wao, na wanaoamini kwa dhati kwamba darasa la tisa litawapotezea watoto hao roho zao.

Kabla sijaendelea, niiondoe njiani methali ya samaki, maana najua msomaji ameshaikumbuka. Samaki mkunje angali mbichi. Nimeisikia kwenye mahafali ya madrasa na kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani, na kila mara aliyeitoa alikuwa akimsifu mkunjaji. Ni methali ya kweli kuhusu uwezo: mtoto hukunjika. Kuhusu haki ya kumkunja, au mkunjo gani unavunja mfupa, haisemi kitu.

Kilichotokea

Jonas Yoder na Wallace Miller walikuwa Waamishi wa mkondo wa kale, Wakristo wanaojitenga na maisha ya kisasa. Adin Yutzy alikuwa wa kanisa lililo ndugu na lao, la Waamishi Wamenoni wahafidhina. Waliishi eneo la New Glarus, mji ulioanzishwa na walowezi kutoka Uswisi mwaka 1845. Frieda, binti wa Yoder, na Barbara, binti wa Miller, walikuwa na miaka 15. Vernon, mtoto wa Yutzy, alikuwa na miaka 14. Wote watatu walikuwa wamemaliza darasa la nane katika shule ya serikali. Sheria ya Wisconsin iliwataka wasome mpaka watimize miaka 16. Sekondari zilipofunguliwa Septemba 1968, hawakuonekana.

Waamishi hawaikatai shule yote. Mtoto wao lazima ajue kusoma ili asome Biblia, ajue hesabu ili asipunjwe anapouza maziwa, na ajue Kiingereza ili aelewane na majirani, kwa sababu nyumbani wanazungumza lahaja ya Kijerumani. Wanachokikataa ni kinachofuata. Sekondari humwondoa mtoto nyumbani katika umri ule ule ambao, kwao, anatakiwa awe zizini na baba yake au jikoni na mama yake, akijifunza kazi mpaka mikono ijue bila kuambiwa. Tena humfundisha kushindana, kujipima kwa alama na vikombe, kujiona. Katika dini yao, kujiona ni dhambi yenyewe, wala si tabia mbaya tu. Ndiyo maana kanuni za kila jumuiya huingia mpaka kwenye upana wa ukingo wa kofia na kwenye swali la kama nyumba iunganishwe na nguzo ya umeme.

Kabla ya kesi kusikilizwa, wakili wao alimwandikia msimamizi wa elimu wa jimbo akitafuta suluhu: watoto wawe na mafunzo yao ya kazi yanayosimamiwa na Waamishi wenyewe, kama ilivyokuwa ikifanyika Pennsylvania. Jibu lilikuwa hapana. Elimu hiyo, alisema msimamizi, isingelingana na ile ya sekondari. Kwa maoni yangu hapo ndipo jimbo lilipoanza kupoteza kesi, kwa sababu lilishika kipimo kimoja tu, idadi ya miaka darasani, na likaacha kuuliza miaka hiyo ni ya nini.

Wakili mwenyewe, William Ball, alikuwa Mkatoliki. Kamati iliyomsaidia, iliyoundwa mwaka 1967, iliongozwa na mchungaji wa Kilutheri, William Lindholm. Waamishi hawana desturi ya kujitetea mahakamani. Wakionewa huvumilia, au hufunga mizigo wakahamia jimbo jingine. Kwa hiyo hata watu wazima katika kesi hii walisemewa na wengine. Jambo hilo litarudi tukifika kwa watoto.

Ulimwengu upi?

Shahidi mkubwa wa utetezi alikuwa John Hostetler, msomi wa maisha ya jamii. Yeye mwenyewe alizaliwa katika familia ya Kiamishi na akaishia kuwa profesa wa chuo kikuu. Wakili wa serikali alimtaka akubali kwamba kazi ya sekondari ni kumpa mtoto elimu. Hostetler akakubali, lakini akauliza: elimu kwa ajili ya nini? Wakili akasema, kwa lugha ya wazi, elimu ya kumwezesha mtoto kupata nafasi yake ulimwenguni. Hostetler akajibu: inategemea ulimwengu upi.

Ni jibu zuri, na ushindi wa Waamishi umesimama juu yake. Serikali ilizungumza kana kwamba kuna ulimwengu mmoja, wenye mlango mmoja, na shule ndiyo ufunguo. Hostetler alionyesha kwamba mtoto wa Kiamishi anaandaliwa vizuri sana kwa maisha ambayo yapo, ya watu halisi, wenye mashamba na wajukuu. Ilielezwa mahakamani kwamba Waamishi wa pale hawakuwa na rekodi ya uhalifu na hawakuwa wakipokea msaada wa serikali. Ukiambiwa uchague kijana wa miaka 17 wa kukusaidia kujenga ghala, unajua utamchukua nani.

Ila jibu hilo lina upande wa pili, na anayelitoa ndiye anayeuonyesha. Hostetler alijua kuna ulimwengu zaidi ya mmoja kwa sababu aliishi katika miwili. Aliweza kusimama kizimbani akasema "inategemea" kwa kuwa alikuwa amevuka. Mtoto anayelelewa asivuke hawezi kulijibu swali la ulimwengu upi, kwa sababu hajaonyeshwa kwamba ni swali.

Hukumu

Majaji walioamua walikuwa saba. Wawili walikuwa wameingia kazini baada ya hoja kusikilizwa Desemba 1971. Jaji Mkuu Warren Burger aliandika hukumu ya wengi. Kwa ufupi: hii ni dini ya kweli yenye historia ya karibu karne tatu, wala si mtindo wa maisha uliobuniwa juzi, kuwalazimisha watoto kwenda sekondari kungetishia uhai wa jumuiya nzima, na kinachopotea, mwaka mmoja au miwili ya darasani, ni kidogo ukikilinganisha na hilo. Burger alikuwa mwangalifu kufunga mlango nyuma yake: alisema ni makundi machache ambayo yangeweza kuthibitisha yale Waamishi waliyothibitisha. Mtu mwenye falsafa yake binafsi ya kuchukia mji asitegemee msamaha huo.

Kuhusu watoto, Burger alisema walioshitakiwa ni wazazi. Hakukuwa na ushahidi kwamba wazazi walikuwa wakiwazuia watoto waliotaka kusoma, kwa hiyo mahakama haikuwa na sababu ya kuamua mgogoro ambao haujaletwa mbele yake. Kisheria hoja hiyo ina mantiki yake. Kimaadili, mimi hainiingii akilini. Mgogoro huo ungeletwa na nani? Vernon ana miaka 14. Ili ijulikane kwamba hakubaliani, ingebidi amtafute wakili asiyemjua, kwa lugha ambayo si ya nyumbani kwake, akaseme mbele ya baba yake kwamba baba amekosea, kisha jioni aondoke pamoja na baba huyo huyo warudi kula chakula alichopika mama.

Ndiyo ya Frieda

Aliyetoa ushahidi ni Frieda peke yake. Aliulizwa kama sababu pekee ya kutokwenda shule tangu Septemba ni dini yake. Akajibu ndiyo. Akaulizwa tena: hiyo ndiyo sababu pekee? Ndiyo.

Nimezirudia ndiyo hizo mbili mara nyingi. Jaji William Douglas alizipokea jinsi zilivyo. Aliandika kwamba kwa kuwa Frieda amesema mwenyewe, anakubali baba yake ashinde. Lakini maoni ya Frieda huenda si maoni ya Vernon wala ya Barbara, na hao wawili hawakuitwa na upande wowote. Akasema kilichomo hatarini ni maisha ya baadaye ya mwanafunzi, si ya mzazi. Mtoto anaweza kutaka kuwa mpiga piano, au mwanaanga, au mtaalamu wa bahari, na akikatiwa masomo mlango huo unamfungia milele. Katika suala hilo Douglas alikuwa peke yake, mmoja kati ya saba.

Nampenda Douglas kwa kuwa ndiye aliyewaona. Lakini mfano wake wa mwanaanga una udhaifu ambao Mwamishi yeyote angeuona upesi. Ni watoto wangapi wa Wisconsin waliomaliza sekondari wakawa wanaanga? Na ni nani aliwauliza hao kama wanataka aljebra? Mtoto wa mjini anasukumwa darasani na sheria, na wazazi, na matangazo ya biashara, mpaka akifika miaka 18 anaamini kwamba kutafuta cheo na gari ni matakwa yake mwenyewe. Yeye naye hajui ulimwengu mwingine. Hajawahi kukamua ng'ombe alfajiri akarudi ndani akakuta ndugu kumi wanamsubiri kusali. Tukisema ndiyo ya Frieda haina uzito kwa sababu imeota katika udongo wa nyumbani kwake, basi kila ndiyo duniani imeota katika udongo fulani.

Mimi mwenyewe nilipelekwa chuoni, nikakalia mkeka na kushika juzuu, kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Sikuulizwa. Sikuulizwa pia kama nataka kuzungumza Kiswahili. Wapo wanaosema mtoto asifundishwe dini yoyote mpaka afikishe miaka 18 achague mwenyewe. Wengi wao hawajaulizwa na mtoto wa miaka minne bibi ameenda wapi baada ya kufukiwa. Lazima umjibu. Ukisema "hatujui" umemfundisha kitu, na nyumba isiyosali inafundisha kutosali kila siku saa moja jioni. Kwa hiyo mzazi anayefundisha dini hajafanya kosa lolote kwa kufundisha. Kosa, kama lipo, liko kwingine.

Amana ya nani

Sisi tuna neno ambalo majaji wale hawakuwa nalo. Tunasema mtoto ni amana. Msikitini linasemwa, kanisani linasemwa, na mara nyingi linaishia hapo: mtoto ni amana kutoka kwa Mungu, kwa hiyo mlee katika njia ya Mungu. Sawa. Lakini amana katika maisha ya kawaida ina sharti jingine. Ukiwekewa ng'ombe na jirani anayesafiri, unaweza kumlisha unavyolisha ng'ombe wako, unaweza kunywa maziwa yake mkikubaliana, ila kuna siku mwenyewe atarudi kumdai, na hapo huwezi kumwambia umemchinja kwa sababu nyumbani kwako ng'ombe huchinjwa.

Mwanafalsafa wa Marekani, Joel Feinberg, aliyeiandikia kesi hii mwaka 1980, alifika karibu na hapo. Alisema kuna haki ambazo mtoto hawezi kuzitumia sasa, kama vile haki ya kuchagua kazi, mchumba au imani, na zinahifadhiwa kwa niaba yake mpaka akue. Zinaweza kuvunjwa kabla hajawahi kuzitumia, kama mtu anavyoweza kuuza kiwanja cha yatima. Mwenye amana, kwa maana hii, ni yule mtu mzima ambaye Vernon atakuwa. Hayupo bado. Hawezi kuja mahakamani. Ndiyo maana ni rahisi kumsahau.

Mtu akiuliza Waamishi walipata wapi kiburi cha kumwamulia mtoto imani, jibu ni kwamba historia yao inasema kinyume kabisa. Wao ni wazao wa Waanabaptisti, watu wa karne ya 16 walioshika jambo moja lililowagharimu roho zao: kwamba mtoto mchanga asibatizwe, kwa sababu imani ni uamuzi wa mtu anayejua anachoamua. Tarehe 5 Januari 1527, Felix Manz alifungwa kamba akatoswa katika mto Limmat mjini Zürich kwa ajili ya hilo. Waamishi wa leo bado wanabatizwa wakiwa wakubwa, wengi kati ya miaka 16 na miaka ya mwanzo ya 20, na kabla ya hapo vijana hupewa nafasi ya kuzunguka kidogo, kipindi kinachoitwa Rumspringa. Adhabu kali ya kutengwa, ile ya ndugu kutokula nawe meza moja, humpata aliyebatizwa kisha akaacha. Aliyeondoka kabla ya kubatizwa anaweza kuhuzunisha nyumba nzima, lakini hajavunja kiapo, na mara nyingi anaweza kurudi kuwasalimu.

Kwa mizani hiyo, Waamishi wanaishinda dini nyingi tunazozijua, ambazo mtoto anahesabiwa mfuasi tangu kuzaliwa na akiondoka anaitwa msaliti wa kitu ambacho hakuwahi kukiapia. Wao wanasema wazi: hujaingia mpaka useme mwenyewe.

Hapo ndipo linapotoka lalamiko langu, na nalitoa kwa kuheshimu kanuni yao wenyewe. Kama ubatizo ni uamuzi wa mtu huru, basi siku ya ubatizo njia ya pili lazima iwe inapitika kweli. Kijana wa miaka 18 aliyeishia darasa la nane, asiye na cheti, asiyemjua mtu yeyote nje ya jumuiya kwa undani zaidi ya mteja wa mayai, ameambiwa "chagua" akiwa amesimama mbele ya mlango mmoja na ukuta. Manz hakutoswa kwa ajili ya uchaguzi wa namna hiyo.

Burger alidhani suala hili amelimaliza. Alisema kijana wa Kiamishi anayeondoka anaondoka na ujuzi wa kilimo na tabia ya kufanya kazi, kwa hiyo hatakuwa mzigo kwa mtu. Huenda ilikuwa kweli mwaka 1972. Lakini angalia alichopima: kama kijana atakuwa mzigo. Jimbo lina haki ya kuuliza hivyo. Mwenye amana anauliza kitu kingine: niliachiwa nini cha kuanzia? Na baadaye hata kilimo chenyewe kilipungua. Mashamba yalipanda bei, familia zina watoto wengi, na leo wanaume wengi wa Kiamishi ni maseremala, mafundi ujenzi, au wafanyakazi wa viwandani, kama wale wa kaskazini mwa Indiana wanaounda nyumba za magurudumu ambazo wao wenyewe hawatazivuta barabarani. Jumuiya imebadilika, miaka ya shule imebaki ile ile minane.

Baadhi ya waliotoka wamesimulia walivyoanza upya wakiwa na miaka zaidi ya 20, wakijisomea kwa ajili ya mtihani wa watu wazima wa kupata cheti cha sekondari, na wapo wanaopigania hukumu ya Yoder ifutwe. Kwa upande wa pili, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wanabaki na kubatizwa, na Waamishi wa Amerika Kaskazini sasa wamepita 400,000. Wanaotetea hukumu huitaja idadi hiyo kama kura ya maoni: mnaona, wanapenda. Wapinzani wanaitaja kama ushahidi wa ukuta. Takwimu hiyo haiwezi kumaliza ugomvi, kwa sababu watu hubaki mahali panapowapendeza na hubaki pia mahali wasipoweza kutoka, na kwa mbali wote wanaonekana wameketi.

Huku kwetu

Kesi ya Yoder iliamuliwa kabla ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Marekani haijauridhia hadi leo. Kenya iliuridhia mwaka 1990, Tanzania mwaka 1991. Mkataba huo unamwachia mzazi kumwongoza mtoto katika imani, ila kwa namna inayoendana na ukuaji wa uwezo wake. Yaani mkono unaomshika mtoto wa miaka mitano unatakiwa ulegee anapofika miaka 15. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto anayeweza kuwa na maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Douglas angeweza kukikata kifungu hicho na kukibandika kwenye hukumu yake.

Kwenye karatasi, basi, tumewapita. Ila kesi zinazofika mahakamani kwetu mara nyingi zinatoka upande wa pili. Mwaka 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba Urastafari ni dini inayolindwa na katiba, na kwamba shule ilikosea kumrudisha nyumbani binti wa kidato cha kwanza kwa sababu ya rasta zake. Pale mzazi alikuwa akigombania mtoto aingie darasani na dini yake kichwani. Aliyefunga mlango alikuwa mwalimu. Kisa hicho kinanizuia kuiamini serikali kupita kiasi. Anayesema "tumwokoe mtoto na dini ya wazazi wake" mara nyingi ana sare yake mkononi.

Ningeamuaje

Nisingewapeleka watoto wale sekondari kwa nguvu. Polisi wa kumvuta binti wa miaka 15 kutoka zizini kwao mpaka kwenye dawati angemfundisha jambo moja tu kuhusu ulimwengu wa nje, na wazazi wake wangekuwa wameshamwambia. Ningekubali mpango wa mafunzo ya kazi uliopendekezwa tangu mwanzo, na ningeuongezea sharti: mtoto aendelee kusoma na kuandika Kiingereza mpaka miaka 16, na jimbo ligharimie darasa la watu wazima kwa yeyote atakayelitaka baadaye, bila kumuuliza anatoka kanisa gani. Hilo lingewagharimu Waamishi kidogo sana, na lingemwekea akiba mwenye amana.

Kisha, kama Douglas alivyotaka, ningeirudisha kesi chini ili Vernon na Barbara wasikilizwe. Lakini kizimbani hapafai. Ningewasikiliza katika chumba cha jaji, mmoja mmoja, mlango umefungwa, baba wakisubiri nje na kofia zao magotini, pamoja na mtu anayejua lahaja yao. Swali lisingekuwa kama wanaipenda dini ya nyumbani, kwa sababu mtoto wa miaka 14 atakayejibu hapana kwa swali hilo ni jasiri kuliko nilivyokuwa mimi. Ningemuuliza Vernon kama anamjua mtu yeyote aliyewahi kuondoka, na kama mtu huyo bado anakuja nyumbani siku za sikukuu. Ningemuuliza, akifika miaka 20 akabadili mawazo, siku hiyo ya kwanza atabisha hodi kwa nani. Halafu ningesubiri, hata kama ingechukua asubuhi nzima.